Majibu ya "baiskeli" kwenye IELTS speaking yananiishia mdomoni, naombeni msaada

NesiWaShy

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada hasa wale mliokwisha kufanya huu mtihani wa kingereza wa IELTS. Mi ni nesi, nataka kujisajili Uingereza na baraza lao la manesi wanataka alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika ndo wanakubali 6.5. Kusoma na kusikiliza sina wasiwasi, kuandika najikongoja, ila kuongea ndo kunaniua. Sio kwamba kingereza sijui jamani, wodini ripoti zote naandika kwa kingereza na kukabidhiana zamu na daktari tunaelewana vizuri tu, lakini akikaa mtu mbele yangu akaniuliza swali la kawaida kabisa la maisha nakauka.

Sasa kuna rafiki yangu tunafanya naye mazoezi, yeye anauliza mi najibu tunajirekodi kwenye simu, jana akanitolea mada ya baiskeli. Maswali yenyewe ni ya kitoto: utotoni ulikuwa na baiskeli? ulikuwa unaenda nayo shule? siku hizi unapanda? kwenu watu wanazitumia sana? Nikajisemea hapa nimepata, mtu wa Shinyanga uulizwe baiskeli ukose cha kusema! Baadae nikasikiliza rekodi nikaona aibu peke yangu. Jibu langu neno kwa neno hili hapa:

"Yes, I had a bicycle. It was a good bicycle. I like bicycles because they are good for health and they do not pollute the environment."

Basi, kimya. Swali la pili nikarudia afya na mazingira, la tatu hivo hivo, mpaka rafiki yangu akaanza kucheka.

Na kinachoniuma ni kwamba ya kusema ninayo. Nyumbani tulikuwa na Phoenix nyeusi ya baba, ile ndefu, ndo hiyo hiyo ilikuwa inabeba pamba kupeleka kwenye mzani wa chama, ndo inampeleka mama kliniki, na mi nimejifunzia hiyo hiyo kwa kupitisha mguu chini ya lile bomba la juu maana kwenye kiti sifiki, unaenda umejikunja ubavu kama kaa. Haya yote yapo kichwani ila yakitakiwa kwa kingereza yanayeyuka nabaki na mazingira tu.

Kuna mtu kanitumia faili la majibu ya kukariri, limejaa sentensi za "Cycling is an eco-friendly mode of transportation which plays a pivotal role in modern society". Nikariri hilo au nifanyeje? Naombeni mawazo.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Kwani lazima IELTS? Nesi si unafanya OET, ule mtihani wa kingereza wa watu wa afya, kule unaongea na mgonjwa wa kuigiza tu, hakuna mambo ya baiskeli.

---

NesiWaShy

Mkuu OET naijua na baraza wanaikubali, shida ni ada, imezidi ya IELTS na mi mfuko wangu umeshatoboka kwa kukusanya vyeti. Kwa hiyo ni hapa hapa na baiskeli.

---

Ticha_wa_Zamu

Dada karibu. Hawa wa IELTS nimewafundisha sana kwa hiyo nivumilie nitaandika kwa kirefu. Na hilo faili lifute leo leo kabla hujaendelea kusoma.

Kwanza ujue unapimwa nini. Yule mtahini ana vitu vinne mbele yake na vyote vina uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mazungumzo, msamiati, sarufi, na matamshi. Umeona hapo pameandikwa "ana maoni mazuri kuhusu mazingira"? Hapajaandikwa. Ukimwambia baiskeli unazichukia toka utotoni na ukieleza vizuri kwa nini, maksi zako ziko pale pale. Watu wetu tunaingia mle ndani tumevaa akili ya insha ya kidato cha nne, faida za baiskeli, hasara za baiskeli, wakati mtu kakuuliza wewe ulikuwa na baiskeli. Kakuuliza habari zako.

Sasa rudi usome ulichotuandikia mwenyewe, ile aya ya Phoenix ya baba. Jibu si ndo hilo? Lile la kwanza la afya anaweza kulitoa mtu wa Peru, wa Korea, wa popote, lakini kuendesha umejikunja chini ya bomba huyo ni wewe. Hebu ligeuze tu:

"Not my own, no. There was one bike at home, my dad's, a big black Phoenix, and the whole family used it. He'd carry cotton on it, and I learned to ride with one leg under the crossbar because I couldn't reach the saddle."

Soma kwa sauti, ni kama robo dakika hivi, na kati ya zile sehemu tatu za kuongea, ya kwanza haihitaji zaidi ya hapo. Hii sehemu yote ni dakika nne mpaka tano na ndani yake kuna kutambulishana na mada nyingine mbili tatu, kwa hiyo jibu la sentensi mbili tatu linatosha kabisa, ukihutubia atakukatisha.

Angalia kilichomo. "Not my own" ni jibu la ukweli na limetoka kama mtu anavoongea. "He'd carry" hiyo ni mazoea ya zamani, kitu kilichokuwa kinafanyika mara kwa mara na sasa hakipo, na mtahini akiisikia anajua huyu sarufi yake haijaishia kwenye "was". Alafu kuna "because I couldn't reach", yani sentensi moja imebeba tukio na sababu yake. Na msamiati je? Watu wanadhani msamiati ni "pivotal". Msamiati ni "crossbar" na "saddle", jina la kitu chenyewe. Hayo maneno mawili yanakupandisha kuliko kurasa zote za hilo faili.

Kuhusu kukariri: wale watu kazi yao ni kusikiliza watu, kutwa nzima. Ukianza "plays a pivotal role" sauti yako inabadilika inakuwa ya kusoma risala, spidi inapanda, alafu swali linalofuata unarudi kwenye kusitasita kwako. Atajua. Na akijua anakurushia swali ambalo faili halina.

---

Bongo_to_Leeds

Ticha hapo kwenye kukariri nakupinga kidogo. Mi nimefanya huu mtihani nikapata nilichokuwa nataka na leo niko huku napiga kazi kwenye nyumba ya wazee, na nilikariri. Sio majibu, nilikariri vianzio. Yani mtu akikuuliza kitu hujakifikiria maisha yako yote, kama "Do you think bicycles are suitable for all ages?", ule muda wa kukodoa macho ndo unakumaliza. Mi nilikuwa nasema "I've never really thought about it, but..." huku akili inatafuta njia. Bila hivo ningesema aaa, eee, mpaka muda uishe. Kwa mtu muoga kama mimi speaking ni kujiamini kwanza, sarufi baadae.

---

Ticha_wa_Zamu

@Bongo_to_Leeds hapo hatupingani sana. Kianzio kifupi kinachokupa pumzi sawa, hata wazungu wenyewe wanafanya. Ila nimekutana na wanafunzi kila swali linaanza na "That's a very interesting question". Unaulizwa unaishi wapi, "that's a very interesting question". Jina lako nani, interesting question! Kiwe kimoja kimoja na kiendane na swali. Swali lenyewe la "ulikuwa na baiskeli" halihitaji kianzio, unalijua jibu, lijibu.

Na nyongeza kwa dada: usiposikia swali omba arudie, hakuna dhambi. Sehemu ya kwanza atalirudia tu kama lilivyo, ile ya tatu anaweza kukugeuzia kwa maneno mengine.

---

Msee_wa_Kondele

Niaje watu wa TZ. Mimi ni wa Kisumu, nimepitia hiyo mtihani pia, na wacha niguse kitu hamjagusa, matamshi.

Sister, wewe unasema aje hilo neno lenyewe? Juu wengi wetu tunasema "bai-saiko". Nilikuwa nasema hivyo tangu primary hadi siku mwalimu alinisimamisha. Motorcycle ndiyo ina "sai", lakini bicycle ni BAI-si-kol, nguvu yote iko hapo mbele kwa BAI na hiyo ya katikati ni "si" fupi, unaipita haraka. Halafu mtu anayeendesha, cyclist, anarudi kwa "sai". Ndiyo kingereza, usiulize mbona. Ukiona inakusumbua, sema "bike" na maisha iendelee, hata wao ndiyo husema sana. Lakini uifunge kwa K, usiseme "baiki". Sisi ulimi wetu unapenda kumaliza na vowel, kwa hivyo "bike" inakuwa baiki, "ride" inakuwa raidi, "brake" inakuwa breki. Maneno matano hivyo kwa sentensi moja na mtahini anaanza kukaza masikio.

Accent yenyewe usijali. Hakuna mtu anakutaka uongee ka mzungu, ukijaribu kuvuta pua utaharibu zaidi. Wanataka kukuelewa bila kazi.

Kwa ile swali ya "Are bicycles popular in your country?", hapo sisi wa huku tuna utajiri na tunaulalia. Hii neno boda boda mnajua ilianza na baiskeli? Ni kule Busia, watu walikuwa wanabebwa na baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi wa Uganda, jamaa wa baiskeli wanaita wateja "border, border". Hapa Kisumu zilikuwa kila kona na kile kiti cha spanji nyuma. Sai piki ndiyo zimechukua kazi. Sasa hiyo ni jibu tayari: "They used to be everywhere. In my town people paid to ride on the back of a bike, like a taxi, but motorbikes have taken over most of that business." Umeanza na zamani, umefika leo, na hiyo "have taken over" ni tense ingine imeingia bila kuita.

---

NesiWaShy

Kaka wa Kisumu umenivunja mbavu na "baiki" manake nimerudi kusikiliza rekodi na ndo hivo hivo nasema 😂 Na hapa Shinyanga mjini baiskeli za abiria zipo mpaka leo, sisi tunaziita daladala kabisa, nimepanda sana nikitoka sokoni. Sijawahi kufikiria kwamba hiyo ni habari ya kumwambia mtahini.

Swali langu jingine, vifaa. Crossbar na saddle nimechukua, ila ikitokea nasimulia baiskeli imeharibika njiani mi nitasema nini? Kwa kiswahili tunasema cheni imechomoka, tairi imepata pancha, upepo umeisha, breki hazishiki. Nikitafsiri najiona naongea kitu hakipo.

---

Mama_wa_Jambiani

Shoga hapo sasa umenifika mie. Mie sijafanya mtihani wowote na kingereza changu cha pwani, lakini nakodisha baiskeli kwa wageni hapa Jambiani, na mgeni anaporudi na baiskeli mbovu akikwambia tatizo utajifunza tu utake usitake.

Nyororo ikitoka wanasema "the chain's come off". Hawasemi removed, hawasemi escaped kama alivyokuwa akisema kijana wangu wa dukani. Pancha Waingereza wanasema "I've got a puncture", Wamarekani "I've got a flat", na wote wanaelewana. Upepo umepungua, "the tyre's a bit soft" au "it needs some air". Breki hazishiki, "the brakes don't work". Kiti kikiwa chini, "the seat's too low, can you put it up?", na hapo utaona wengine wanaita seat wengine saddle, yote sawa. Usukani ni "handlebars", na wenyewe wanausema kwa wingi. Keria ni "rack" au "carrier". Spoku ni "spokes", haikubadilika kitu.

Na jengine, shoga, sisi tunaendesha gari na tunaendesha baiskeli, wao baiskeli ni "ride". Ukisema unai-drive wanatabasamu.

Wallahi nimekaa na wageni miaka yote hii sijasikia hata mmoja alonambia anakodi kwa sababu ya mazingira. Wanataka kwenda Paje kunywa kahawa wakarudi.

---

Ticha_wa_Zamu

Mama umemaliza. Dada nakili hiyo orodha kwenye daftari, na usiikariri kama orodha, itungie kisa. Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada uiongelee mpaka dakika mbili, kitu kama "elezea safari unayoikumbuka" au "kitu cha familia kilichokuwa muhimu", na baiskeli ya baba yako inaingia kote huko. Jaribu, alafu lete hapa kama ulivosema kwenye rekodi, usirekebishe.

---

NesiWaShy

Haya wakuu nimejirekodi nikaandika kilichotoka, msinicheke. Nimesimulia siku baba alivonipeleka sekondari ya bweni, sanduku la bati limefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu na mi nimekaa mbele kwenye bomba.

"I want to talk about the journey when my father take me to boarding school. My father, she was a strong man. He tied my box at the back with rubber. I sit in front. The road was having many hills so we are going down and push. The chain was removed many times and my father return it. When we reach the school my shirt was dirty. I was happy and sad. That's all."

Imeishia hapo, hata dakika haikufika. Na ile "she" nimeisikia mwenyewe kwenye rekodi jamani, baba yangu nimemfanya mama.

---

Ticha_wa_Zamu

Mbona hii ni nzuri! Yani kisa ni kizuri, kimevaa nguo mbaya tu. Ngoja tukivue taratibu.

Hiyo "she" ni ugonjwa wetu wote, "yeye" haijali mume wala mke kwa hiyo ulimi hauna mazoea ya kuchagua. Dawa yake ni ya kijinga lakini inafanya kazi: kila siku simulia habari ya mwanaume mmoja tu, baba, kaka, daktari wenu, dakika moja, ukiteleza unaanza upya. Kesho mwanamke.

Ya pili ni wakati. Umeanza "take", ukaja "tied", ukarudi "sit", ukaenda "are going". Kisa kimeshatokea, kila kitu kikae huko huko nyuma. Hapa ndo wengi wanapoteza maksi za sarufi, sio kwenye mambo magumu, ni kusahau kwamba jana ni jana.

Ya tatu, "was having many hills" iache, sema "The road was full of hills". Na "we are going down and push", ulikuwa unamaanisha mnashuka kwenye baiskeli mnasukuma, sasa ukisema hivo mzungu anaelewa mmeteremka mlima. "We had to get off and push."

Ya nne ndo naipenda. "My shirt was dirty." Ilichafuka na nini?

---

NesiWaShy

Grisi ya cheni. Baba alikuwa akirudisha cheni anashika na mkono alafu ananishika begani kunipandisha tena kwenye bomba. Shati jeupe la shule, jipya, limebaki na alama ya vidole vyake vinne. Mama alikuwa amelipiga pasi ya mkaa usiku.

---

Ticha_wa_Zamu

Sasa we unayo hiyo alafu unamwambia mtahini "my shirt was dirty"?? Dada!

Sema: "By the time we got there I had four black fingerprints on the shoulder of my new white shirt, because every time the chain came off he'd fix it with his bare hands and then lift me back on." Kama ni ndefu ikate mbili. Hakuna neno hapo ambalo hulijui.

Na mbinu ya ile dakika moja ya kujiandaa wanayokupa na karatasi na penseli: usiandike sentensi, hutamaliza na ukimaliza utaisoma, na kusoma kunasikika. Andika vitu. Kwako ingekuwa: sanduku, tyubu, mlima, cheni, grisi, geti la shule. Vitu sita unaviona kwa macho, unatembea kutoka kimoja kwenda kingine na kwenye kila kimoja unajiuliza kilikuwaje, nani alisema nini, nilijisikiaje. Dakika mbili zinajaa zenyewe. Na akikukatisha kwenye dakika ya pili usishtuke, ni saa yake imeisha.

---

Bongo_to_Leeds

Hiyo ya vidole vinne imenigusa aisee, mi baba yangu alikuwa na Avon.

Sasa dada jiandae na sehemu ya tatu, huko ndo maswali yanakuwa ya kikubwa. Kwa nini watu wa mjini hawapandi baiskeli? Serikali ijenge njia za baiskeli? Miaka ijayo baiskeli zitakuwepo? Huko Phoenix ya baba haitoshi peke yake, unatakiwa utoe hoja, na ndo hapo wengi wanarudi kwenye "environment" yao.

---

Mchora_Ramani

Niingilie hapo, mi kazi yangu ni mambo ya barabara. Kitu cha kufanya ni kutoa sababu ambayo umeiona kwa macho, alafu ndo upanue. Mfano Dar, Barabara ya Morogoro pale pembeni ya njia ya mabasi ya mwendokasi kuna njia za baiskeli kabisa zimejengwa. Nenda saa kumi na moja jioni uone nani anazitumia: bodaboda, mikokoteni, mama ntilie kaweka benchi. Kwa hiyo hoja yako inakuwa njia peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu wa kuilinda. Hiyo ni hoja, hata profesa atakaa asikilize.

Sababu nyingine ambayo watu wanaogopa kuisema ni hadhi. Mtu akipata mshahara wa kwanza anawaza pikipiki, akipata mkopo anawaza gari, baiskeli imekuwa ni ya yule ambaye hajapata bado. Uholanzi kule baiskeli ni nyingi kuliko watu na hata mawaziri wanapanda kwenda kazini, hakuna anayemshangaa. Unaweza kulinganisha hapo. Na usiseme tu ni tambarare ndo maana, kuna watu watakwambia Kigali ni milima mitupu na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yamefanyika pale, mara ya kwanza Afrika. Ingawa kweli kupanda ule mlima kila asubuhi unaenda ofisini na suti ni kitu kingine.

---

Ticha_wa_Zamu

Mfano wa mwendokasi ni mzuri mno, chukua. Ila angalizo, sehemu ya tatu hawakupimi unajua nini kuhusu Uholanzi. Takwimu usihangaike nazo. Wanachotaka kusikia ni kama unaweza kushika wazo moja ukalizungusha: nadhani hivi, kwa sababu hii, mfano huu, japo kuna upande mwingine. Kama hivi:

"I don't think lanes alone would change much. In Dar es Salaam there are bike lanes along one of the main roads, but motorbikes and food sellers have taken them over. If cyclists actually felt safe there, more people might try it, although to be honest a lot of us still see a bike as something you ride until you can afford better."

Umeona ile "if cyclists felt safe, more people might"? Hiyo ya masharti wanaisikiliza sana kwenye sehemu hii. Na "to be honest" ni kama vile vianzio vya rafiki yetu wa Leeds, kimekaa katikati hakijasumbua mtu.

---

KimyaKimya_22

Samahani naingilia uzi. Mi sijawahi kupanda baiskeli kabisa. Nyumbani walisema mtoto wa kike hapandi baiskeli, kaka zangu wote wanajua. Na mtihani wangu uko karibu. Nikiulizwa hiyo mada nidanganye kwamba ninayo?

---

Ticha_wa_Zamu

Usidanganye, sio kwa sababu ya dhambi, ni kwa sababu uongo unahitaji msamiati ambao huna! Utaulizwa ulijifunzaje uanze kubuni usukani. Wewe umeshajibu hapo juu: "No, I never learned. At home they said it wasn't for girls, so my brothers rode and I watched." Na akiuliza kama ungependa kujifunza sasa, sema unavyojisikia kweli.

---

Mama_wa_Jambiani

Mwanangu, ukifika Jambiani njoo, ufukwe maji yakitoka mchanga ni mgumu na bapa, ukianguka huumii. Nina ndogo moja haina lile bomba la juu. Wageni wa kizungu watu wazima kabisa wanajifunzia hapo.

---

Msee_wa_Kondele

@NesiWaShy kama uko free Jumamosi jioni tupigiane WhatsApp tufanye mock, yaani mtihani wa mazoezi, mimi nakuwa mtahini. Nitakuuliza baiskeli, nikimaliza nakupeleka kwa kofia, halafu jirani. Hizo zote huulizwa.

---

NesiWaShy

Jumamosi niko zamu ya usiku, naingia saa mbili, labda saa kumi jioni kabla sijajiandaa? Nimekutumia inbox. Kofia sina hata moja lakini nitaona cha kusema.